Mtu wa Mfenesi

Uchovu wa Shemsa haukuwa wa mikono. Ule wa mikono alikwisha uzoea, maana mwanamke anayeshona kofia tangu asubuhi vidole vyake huingia jioni vikiwa vizito, utadhani vya kuazima. Huu mwingine ulikuwa uchovu wa kungoja. Alimngoja mume wake wa kwanza, aliyepanda meli kwenda kutafuta maisha, na badala ya mume ikarudi talaka kwa mdomo wa mtu baki. Akangoja eda iishe. Akangoja binti yake, Wanu, aache kumuulizia baba. Na alipodhani kungoja kumekwisha akatokea Machano, kukaanza upya.

Machano alikuwa mchonga milango, na kuchonga milango Unguja si kazi ya aibu. Nyumba ngapi za mjini zilikuwa zikiingiwa na kutokwa chini ya maua yake na minyororo yake. Tatizo ni kwamba kwa muda fulani, kazi za milango zilipokuwa haba, aliwahi kuchonga watu. Vijitu vidogo tu vya kuweka mezani, mwanamke na mtungi, mvuvi na kafi lake, na wageni wa melini wakivinunua. Kikwajuni nzima ilijua, na aliyejua zaidi ya wote alikuwa Bi Time, shangazi yake Shemsa, aliyekaa nyumba moja na Shemsa na baba yake.

"Huyo bwana ako siku ya Kiyama ataambiwa avitie roho vijitu vyake," Bi Time alizoea kusema, huku akipepeta mchele bila ya kuinua macho. "Na weye mkewe utakuwa umekaa pembeni unamshikia patasi."

Baba yake Shemsa, Mzee Gharib, hakuwa na maneno mengi kama dada yake. Alikuwa hamali wa bandarini tangu ujana wake mpaka mgongo ulipokataa, na mtu aliyebeba magunia umri wake wote hujifunza kubana pumzi. Mjomba wake Machano, Bwana Shaame, alipokuja kuposa mara ya kwanza, mzee alisema atafikiri. Alipokuja mara ya pili, mzee akataka kumuona kijana mwenyewe. Wakakaa barazani, na sharti likatolewa kwa sauti ya chini: aache watu, abaki na maua. Siku atakayosikia kijana ameshika tena sanamu ya mtu, posa imekufa, na asitumwe mjomba wala babu kuja kuifufua. Machano akampa mkono. Wakati wa kuaga akamwita "baba", na mzee akamkatiza palepale.

"Mimi si babako bado."

Shemsa alikuwa nyuma ya pazia. Lile neno "bado" alilichukua akaenda nalo ndani, akalilalia kama mto.

Sasa nikaha ilikuwa imekaribia, na Shemsa hakutaka Machano akae mbele ya watu na kofia ya kununua. Alimchagulia nakshi ngumu kuliko zote alizozijua, ile ya vitobo vidogo ambayo mshonaji akiifanya mwaka mzima macho humwingia maji. Kilichobaki ni kipimo cha kichwa. Basi alasiri moja akajitanda buibui lake, akachukua uzi, akambeba Wanu kiunoni, akakata Mnazi Mmoja kuelekea Sokomuhogo, ambako Machano alifanya kazi katika ghala la chini la nyumba moja kongwe.

Njiani alijifunza la kusema. Angesema kapita tu. Angesimama mlangoni, ampe uzi ajipime mwenyewe, halafu labda uzi ungeanguka, labda vidole vingegusana. Alikuwa na miaka ishirini na nne na mtoto mmoja, lakini moyo wake ukifika kichochoro kile ulipiga kama wa mwari.

Mlango wa ghala, ambao siku zote ulikuwa wazi ili mwanga uingie, ulikuwa umerudishwa. Ndani patasi ilikuwa ikigonga. Alipopiga hodi, patasi ikanyamaza. Ikasikika sauti ya kitu kama gunia likiburutwa, kisha Machano akafungua.

"Shemsa," alisema, na uso wake ukafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. Alikuwa na vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Macho yake mekundu yalikuwa ya mtu ambaye halali.

"Umefunga kwa nini? Unafanya kazi gizani kama popo?"

Akasema jua linamuumiza. Akamkaribisha, lakini alisimama vibaya, kifua mbele, kama anayezuia mlango wa pili ambao Shemsa haujui. Wanu hakuwa na habari ya hayo. Aliteremshwa chini, akaona ncha ya gunia inaning'inia, na mtoto wa umri ule akiona ncha huivuta. Gunia likashuka lote.

Alikuwepo mwanamume. Alikuwa wa mti wa mfenesi, mti ule wa rangi ya asali, na urefu wake ulikuwa wa mtu kamili. Alisimama miguu imepanuka kidogo, goti moja limelegea. Kifua kilikuwa kipana, misuli ya tumbo imekazana kama kamba zilizosukwa, na mapajani nyuzi za nyama zilionekana zikivutana chini ya kikoi kilichoishia magotini. Mkono mmoja uliinuka juu, na mishipa yake ilipanda kutoka kiganjani mpaka kwapani, imevimba kwa uzito wa kitu ambacho hakijawekwa. Juu ya shingo hapakuwa na kichwa. Palikuwa na bonge la mti tupu, lenye pembe, likingoja.

"Huyu nani?" aliuliza Wanu.

Mama yake alimshika mkono, akamrudisha nyuma.

Shemsa hakupandisha sauti. Angekuwa na nguvu angeipandisha. "Ulimpa mzee mkono."

"Nilimpa."

"Mkono uleule ndio unashikia patasi?"

Machano akakaa juu ya gogo, akaiweka patasi chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akaeleza. Tajiri mmoja wa Shangani alikuwa anatengeneza ngazi za nyumba yake, na alitaka pale zinapoanzia pasimame mtu mwenye nguvu aliyebeba begani mkono wa kushikia wa ngazi. Alikataa, wallahi alikataa. Akarudi nyumbani, na usingizi ukakataa kuja, kila akifumba macho anamuona yule mtu amesimama ndani ya gogo anangoja kutolewa. Akaenda kulitazama gogo tena. Akasema ataanza mguu mmoja tu, aone.

"Mguu mmoja," alisema Shemsa, akimtazama mtu wa mti kutoka juu mpaka chini.

"Unanicheka."

"Sicheki. Sina hata nguvu ya kucheka."

"Shemsa, nisikilize. Tangu nimepata akili nachonga maua. Watu wanapita kwenye milango yangu, wanaingia, wanatoka, hata mmoja hasimami. Nimechoka kuchonga vitu visivyomtazama mtu."

"Na mie nimechoka kungoja, Machano. Nimengoja mpaka nimekuwa kama kiti cha barazani, kila apitaye ananikuta palepale. Mzee kakupa neno moja tu la kushika. Moja. Hukuliweza?"

Machano aliinua uso. Alimtazama kwa macho yale mekundu, na Shemsa akajiona anataka kumfuta vumbi kwenye kope na anataka kumpiga, na yote mawili yalimchosha. Akainama kuokota gunia. Alitaka kumfunika yule mtu, amchukue mwanawe, aende zake. Akazunguka nyuma, akalirusha gunia, na mkono wake ukatua juu ya bega la kushoto la mti.

Mkono ukasimama wenyewe.

Pale penye bega, karibu na shingo, palikuwa na kinundu. Chini yake nyama iliinama ikafanya kama kijibonde, halafu ikapanda tena kwenye mfupa wa bawa la bega. Shemsa alikijua kinundu kile. Alikuwa akikipaka mafuta kila jioni, na kijibonde kile ndicho mahali ambapo kiganja chake hutulia kabla hajaanza kukanda. Macho yangeweza kudanganyika. Viganja vyake havikuweza. Tofauti ilikuwa moja: huku nyama ilijaa, na nyumbani, chini ya viganja vyake, ilikuwa imekwisha.

"Huyu ni baba," alisema.

Machano aliinamisha kichwa. Akasema kwamba alipokuwa mdogo mama yake aliuza uji karibu na lango la bandari, na yeye alikuwa akikaa chini ya meza. Aliona mahamali wakipita na magunia ya karafuu, wanaimba, na mbele yao mmoja ambaye hakuimba. Alimtazama kila siku. Baadaye sana, alipoanza kumpenda Shemsa na kumfuata kwa mbali mpaka Kikwajuni, ndipo alipomkuta mtu yule barazani, amekunjika.

"Sijaona kitu kizuri kama mgongo ule mpaka leo," alisema. "Tajiri alitaka mtu mwenye nguvu. Mie simjui mwingine. Nlitaka kumpa heshima."

"Heshima."

"Naam."

Shemsa alimtazama kwa muda, ahakikishe kuwa anasema kweli. Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo palipokuwa na msiba.

"Machano, umemvua kanzu mkweo," alisema polepole. "Umemvua kanzu, umemwacha kifua wazi, na unataka kumsimamisha kwenye ngazi za watu, wapande wakimshika bega, washuke wakimshika bega, na wapishi na madobi wamtazame kitovu. Kuna mkwe gani aliyepewa heshima ya namna hiyo?"

Ilikuwa kama kammwagia maji. Midomo ya Machano ikafunguka. Katika kukesha kwake kote alifikiria mfupa na msuli na jinsi uzito unavyoshuka kutoka begani mpaka kisiginoni, na hilo halikumpitia. Akainuka haraka, akalivuta gunia, akamfunika mtu wa mti mbele, kifua na tumbo, akalibana kwa mikono miwili na kugeuza uso pembeni, vilevile kama ambavyo angefanya lau kama mzee mwenyewe angekuwa amesimama pale kikoi kinamteleza.

Wakati mwingine wowote Shemsa angecheka mpaka akae chini.

"Shoka lile pale," Machano alisema, bado kageuza uso. "Sema tu. Sasa hivi."

Shemsa akalitazama shoka. Akautazama mgongo. Lilikuwa neno dogo, na lingemrudishia kila kitu, mume, nyumba, mtoto mwenye wa kumwita baba. Lakini ulimi haukunyanyuka. Angewezaje kusimama akitazama shoka likiingia pale ambapo mkono wake hutulia kila jioni?

"Umenitia pabaya," alisema. "Nikikwambia vunja, nimemkata baba. Nikikwambia acha, nimemficha jambo. Hata njia moja hukunibakishia."

Akambeba Wanu, akatoka. Machano alimwita mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayejua hatajibiwa. Shemsa alipofika Mnazi Mmoja ndipo alipogundua kuwa uzi wa kupimia bado umezongwa kidoleni, umebana mpaka ncha ya kidole imekuwa nyeupe.

*

Baada ya magharibi alipasha mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, akaenda kumkanda baba yake kama kawaida. Mzee Gharib alikuwa amekaa juu ya mkeka, kifua wazi, kanzu imewekwa magotini. Taa ya chemni ilikuwa nyuma yake. Miaka yote Shemsa alimkanda bila kumtazama, mikono ikifanya kazi na mawazo yakitembea. Leo alimtazama. Ngozi ilikuwa imelegea kwenye mbavu. Kinundu kilikuwa palepale, kigumu, kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe wakati wa kuhama.

Alijua kwamba akinyamaza, Bi Time atalisikia sokoni kabla ya wiki kwisha, na litaingia nyumba hii limevaa nguo nyingine. Basi akalisema mwenyewe. Alilisema lote, tajiri na ngazi na mguu mmoja uliozaa mtu mzima, na jinsi alivyokwenda kupima kofia akarudi hakupima. Hata mtu huyo ni nani, alilisema.

Bi Time, aliyekuwa mlangoni, aliacha mchele.

"Nlisema mie. Nlisema, mkaniona mchawi. Sasa ona. Maji ya uso yote kayamwaga. Kaka yangu mzima, mwenye hishima yake, anakwenda kusimamishwa uchi Shangani."

"Ana kikoi, shangazi."

"Loo, ahsante. Kikoi."

Mzee Gharib alikuwa hajageuka. Viganja vya Shemsa vilihisi pumzi yake ikiingia na kutoka. Akangoja laana, au lile neno la kuua posa, na akajiandaa kulipokea bila kulia, maana kulia nako kunataka nguvu.

"Kanichonga vipi?" mzee aliuliza mwishowe. "Mzee, au kijana?"

"Kijana, baba."

Utambi wa taa ulicheza, ukatulia.

"Huyo sijamuona siku nyingi," alisema. Kisha akaongeza, "Endelea kunipaka. Mafuta yanapoa."

*

Siku ya pili, Mzee Gharib alipotoka msikitini kusali alasiri, hakukaa barazani. Alimwita Shemsa, na Shemsa akaitika labeka, akaagizwa alete ile kanzu nyingine na bakora. Bi Time alifurahi. Alimwambia kaka yake asijichoshe kwa kupiga shoka mwenyewe, amwachie mkosaji avunje kwa mkono wake, ndivyo adabu inavyoingia. Mzee alivaa taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili, akatoka. Hakumwambia Shemsa amfuate wala abaki. Shemsa akambeba Wanu, akamfuata.

Njia ambayo yeye alikata mara moja, baba yake aliipumzikia mara kwa mara. Pale Mnazi Mmoja alikaa chini ya mti wa mvinje, mikono juu ya bakora, akitazama watoto wakicheza mpira. Shemsa alitaka kusema turudi. Aliogopa kule waendako, lakini aliogopa zaidi kurudi bila ya kujua.

Machano alikuwa amefungua mlango wote, wazi kabisa. Alipowaona alisimama, akafuta mikono kwenye nguo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mfunue."

Gunia likaondolewa. Jua la alasiri liliingia kutoka kichochoroni likampiga mtu wa mti ubavuni, na kwa lile jua alionekana kama ametoka jasho. Mzee Gharib alimtazama. Alimtazama miguu kwanza, kama mtu wa bandarini amtazamavyo mwenzake, kisha mapaja, kisha tumbo. Alipofika begani alisogea, akauweka mkono pale penye kinundu. Mkono wa pili akauingiza ndani ya ukosi wa kanzu yake, akajishika mwenyewe mahali palepale. Alisimama hivyo, huku na huku, na macho yake hayakuwa yanatazama kitu chochote kilichomo ghalani.

"Palikuwa hivi?" aliuliza.

Shemsa ndiye aliyejibu. "Naona palikuwa hivyo, baba."

Machano alikuwa amekwenda kuchukua shoka. Alirudi nalo, amelishika kwa mikono miwili kama mtu anayepeleka sahani. Alisema amevunja ahadi na hana la kujitetea. Alitaka kumsifu mzee na amemvunjia heshima. Kama mzee atataka avunje, atavunja, na kama mzee atataka baada ya hapo asimuone tena Kikwajuni, hatoonekana. Hakumtazama Shemsa, na Shemsa alimshukuru kwa hilo.

"Weka shoka chini, utajikata mguu," alisema Mzee Gharib. Akavuta kigoda, akakaa, akavuta pumzi. "Angalau kikoi umekifikisha magotini."

"Naam, mzee."

"Na hapa juu. Unangoja nini?" Bakora ilielekea kwenye lile bonge lenye pembe.

"Uso. Kila nikitaka kuanza, mkono unakataa."

"Mkono wako una akili kukushinda wewe."

Machano akainamisha kichwa. Mzee akawa anakuna ardhi kwa ncha ya bakora, akitafuta pa kuanzia. Halafu akaanza kusema, na Shemsa, aliyekaa na baba yake umri wake wote, hajapata kumsikia akisema mengi kiasi kile kwa mara moja.

"Mie nimebeba karafuu za watu mpaka nimezeeka, na hakuna aliyenijua uso. Gunia likishakaa hapa, kichwa unakilaza huku. Unachoona ni visigino vya aliyeko mbele yako, basi. Karani anahesabu migongo. Mama yake huyu," akamuonyesha Shemsa kwa kidevu, "alikuja siku moja kuniletea chakula, akatusimamia tukipita, akanikosa. Mke wangu. Nimepita mbele yake nimembebea mtu gunia, akanikosa." Bakora ikarudi kwenye bonge la mti. "Pale pa kichwa weka gunia. Lijae, lilale mpaka begani, na huo mkono uliouinua ndio ulishike. Mwalimu wetu wa madrasa alitufundisha kwamba kisicho na kichwa hakihesabiwi kuwa mtu. Ntakwenda kumuuliza tena mwenyewe, na mpaka nimuulize usiguse patasi. Akisema hapana, basi hilo shoka hutoniletea mimi, utalitumia."

"Naam, mzee."

"Na huyo tajiri usimwambie huyu ni nani. Asiambiwe mtu."

"Hatoambiwa mtu."

"Dada yangu ntamnyamazisha nikiweza. Siahidi." Akaegemea bakora, akajaribu kuinuka, akaona bado, akakaa tena. "Kichwa changu kiache. Nakihitaji. Nna binti wa kuozesha."

Shemsa aliusikia mlio mdogo, akadhani ni Wanu, kumbe umetoka kooni mwake mwenyewe. Machano alikuwa bado amesimama, mikono mitupu, kama mtu aliyetuliwa mzigo ghafla na miguu haijaamini.

"Na wewe," mzee akamgeukia binti yake, "jana ulikuja kupima kofia, hukupima. Pima basi twende, mgongo unaniuma."

Akageuza uso ukutani, akaanza kuitazama misumeno iliyotundikwa kama mtu anayetaka kununua.

Uzi ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga tangu jana. Shemsa akaufungua. Machano aliinama, maana alikuwa mrefu, na Shemsa akauzungusha uzi juu ya nyusi zake, juu ya masikio, mpaka nyuma. Nywele zake zilijaa vumbi la mfenesi. Kipimo kile hakikuhitaji zaidi ya pumzi moja, lakini uzi uliteleza, akaanza upya, na safari hii vidole vyake vilipopita kwenye paji alilifuta vumbi kwenye kope, jicho moja, kisha la pili. Macho yalipofunguka yalikuwa karibu mno. Yalikuwa yamechoka kama yake. Akafunga fundo penye kipimo.

"Kichwa kikubwa," alisema, sauti ya kunong'ona. "Nshaingia hasara ya kitambaa."

"Mmeshapima?" aliuliza mzee kutoka ukutani.

"Tushapima, baba."

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kuja. Walipotoka kwenye kichochoro mzee alisimama, akaegemea bakora kwa mikono miwili, na Machano, aliyetoka kuwasindikiza, akasema atafute gari la hamali. Mzee Gharib akamtazama kwa jicho la ubavu.

"Unipakie kwenye gari la hamali. Mimi."

"Samahani, mzee."

"Sogea hapa."

Machano akasogea. Mzee akainua mkono, akauweka juu ya bega lake, kwanza kiganja tu, kisha uzito wote. Machano akayumba kidogo, akapanua miguu, akalegeza goti moja, akashika. Wakaenda hivyo, hatua ndogo ndogo, Mnazi Mmoja ikiwa mbele yao na jua limeanza kuwa jekundu kwenye mapaa. Shemsa alikuja nyuma na Wanu, aliyekwisha lala begani kwake, na fundo la uzi ndani ya ngumi. Kutoka nyuma aliona migongo miwili, mmoja umeinama kwa miaka na mwingine umeanza kuinama leo, na hakutaka njia iishe upesi.

Walipofika katikati ya uwanja, mzee alisimama kuvuta pumzi.

"Nakulemea?"

"Hata kidogo, baba."

Neno lilishatoka. Machano akalisikia limetoka, akangoja kukatizwa. Mzee Gharib alitazama mbele, kule zilipo nyumba za Kikwajuni, akarekebisha mkono wake juu ya bega la kijana.

"Ushaanza tena kunidanganya," alisema. "Twende."